Nilibatizwa nikiwa mchanga: je, nimezaliwa mara ya pili au bado?

Mjukuu wa Mbweni (Unguja) anauliza:

Ndugu zangu wa jukwaa hili, nawasalimu nyote kwa heshima. Nina swali ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, na naliandika hapa kwa sababu najua humu wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali wa Unguja na Pemba, na wamo majirani zetu Waislamu ambao huuliza kwa adabu na hujibu kwa adabu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 58. Nilibatizwa katika Kanisa Kuu la Mkunazini nikiwa na wiki sita. Nguo nyeupe niliyovishwa siku hiyo, marehemu mama aliikunja akaiweka sandukuni pamoja na karafuu ili isiliwe na wadudu, na mpaka leo ninayo; imegeuka kidogo rangi ya maziwa, na kifuani ina madoa mawili ya nta yaliyodondoka kutoka katika mshumaa wa mdhamini wangu. Nimekulia katika kanisa hilo, nikapata kipaimara humo, nikafunga ndoa humo, na wazazi wangu wamezikwa kwa sala za humo. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama nimezaliwa mara ya pili, kwa kuwa nilifundishwa tangu skuli ya Jumapili kwamba jambo hilo lilitendeka pale kwenye birika la ubatizo.

Mwanangu wa kiume anafanya kazi Dar es Salaam, na huko ameingia katika kanisa la wale tunaowaita walokole. Sina ugomvi na kanisa lake. Tangu aingie ameacha pombe, na mkewe amepumua. Lakini mwezi uliopita walikuja nyumbani na mtoto wao wa miezi miwili, nami nikasema kama bibi yeyote angesema, kwamba tumpeleke mtoto akabatizwe. Mwanangu alinijibu kwa upole, ila neno lake lilinichoma: "Mama, mtoto mchanga hawezi kutubu, na asiyetubu hawezi kuzaliwa mara ya pili. Maji yale yanamlowesha tu." Kisha akaniuliza, "Na wewe, mama, ulizaliwa mara ya pili lini? Nitajie siku." Sikuwa na siku ya kumtajia isipokuwa ile iliyoandikwa kwenye cheti cha ubatizo, na siku hiyo mimi siikumbuki.

Naomba kueleweshwa. Bwana Yesu alipomwambia Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu, alikusudia ubatizo, au alikusudia jambo linalotendeka moyoni mtu akiwa na akili zake? Je, ni lazima mtu aijue siku? Na mtu wa umri wangu akishauriwa akabatizwe upya baharini, akubali? Nawaomba tusitukaniane madhehebu. Anayeuliza ni mama ambaye hataki kumpoteza mwanawe, wala hataki kumdanganya Mungu wake.

Kijana wa Tomondo:

Shikamoo, mama. Nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao walokole, na sitaki neno langu likuchome kama lilivyokuchoma la mwanao.

Naomba nieleze lililonipata. Nami nilibatizwa nikiwa mchanga, nikaimba kwaya, nikajua nyimbo zote za Kwaresima. Wakati huohuo nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya pwani, na kila wiki nilitoa nje madumu ya mafuta ya kupikia, sukari na vinywaji, nikauza. Nilikuwa nikiiba Jumamosi na kuimba Jumapili, na wala moyo haukunisuta. Kisha rafiki yangu akanialika kwenye mkesha wa maombi, na huko mhubiri akasoma Ezekieli 36, pale Bwana anaposema atauondoa moyo wa jiwe na kutoa moyo wa nyama. Siwezi kueleza vizuri kilichotokea. Ninachojua ni kwamba niliporudi kazini nilishindwa kuligusa dumu. Baada ya wiki tatu nikachukua daftari la skuli, nikaandika kila kitu nilichokumbuka kukiiba, pamoja na bei yake, nikampelekea meneja. Mikono ilikuwa ikinitetemeka mpaka karatasi inalia. Hakunipeleka polisi, alinikata mshahara miezi 11, na mwezi wa mwisho nilipopokea fedha kamili nililia tena.

Ndiyo maana, mama, sisi tunauliza siku. Hatuulizi kwa kiburi. Zakayo alikuwa na siku yake, na siku hiyohiyo aliahidi kurudisha mara nne. Paulo alikuwa na siku yake njiani kuelekea Dameski. Mimi nikitazama nyuma naona mstari, huku ni kabla na huku ni baada, na maji ya utotoni hayakuuchora mstari huo. Yohana 1:13 inasema kwamba watoto wa Mungu walizaliwa si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu. Sasa, mtoto akibatizwa kwa sababu bibi yake amependa, je, hayo si mapenzi ya mtu? Nauliza kwa heshima kabisa, na nitafurahi kusahihishwa.

Mwalimu Mstaafu (Mkunazini):

Bibi, na wewe kijana wangu wa Tomondo, asanteni. Nimefundisha dini kwa zaidi ya miaka 30, na ningependa vijana wote waliosoma katekisimu kwangu wangelikuwa na daftari kama lako. Ushuhuda huo siupingi hata chembe. Lakini naomba turudi kwanza kwenye maneno yenyewe, kwa sababu sehemu ya mzozo huu wa nyumbani kwa Bibi imetokana na tafsiri.

Injili ya Yohana iliandikwa kwa Kiyunani, na neno ambalo Biblia yetu ya mwaka 1952 imelifasiri "mara ya pili" ni anothen. Neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: "tena" na "kutoka juu". Katika sura hiyohiyo ya 3, aya ya 31, neno hilohilo limefasiriwa "kutoka juu": yeye ajaye kutoka juu yu juu ya yote. Ndilo lililotumika pia kwa ile kanzu ya Bwana isiyoshonwa, iliyofumwa tangu juu hata chini. Kiswahili hakina neno moja linalobeba maana zote mbili, kwa hiyo wafasiri walilazimika kuchagua. Wengine wameandika "kuzaliwa upya". Chaguo si baya, ila limetufanya tukazanie hesabu: mara ya kwanza lini, mara ya pili lini, tarehe gani. Na hilo ndilo kosa la Nikodemo mwenyewe. Yeye alisikia "tena" peke yake, akauliza jinsi mzee awezavyo kuingia tumboni mwa mamaye. Bwana akamvuta kutoka kwenye hesabu, akamwelekeza kwenye chanzo: kilichozaliwa kwa mwili ni mwili, na kilichozaliwa kwa Roho ni roho. Swali kubwa la sura ya 3 ni "umezaliwa na nani", na swali la "lini" liko chini yake.

Hata sarufi yetu inatufundisha hapa. "Kuzaliwa" ni kitenzi cha kutendewa; hakuna Mswahili asemaye "nilijizaa". Tofauti nayo, "kuokoka" ni kitenzi cha namna ya kuvunjika na kufunguka, ambacho kinataja hali na kumwacha mtendaji gizani. Mtungi umevunjika, nani kauvunja? Haikusemwa. Kwa hiyo mtu anaposema "nimeokoka tarehe fulani", asipojihadhari, tarehe ile inakuwa yake, tendo lake, cheti chake. Akisema "nimeokolewa", lazima aulizwe: na nani? Sisemi kwamba ndugu zetu waache kusema wameokoka. Neno limekwisha kuzoeleka. Nasema kwamba Bwana mwenyewe alichagua kitenzi ambacho anayezaliwa hana la kujisifia.

Sasa maji. Aya ya 5 inasema kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, na Tito 3:5 inataja kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu. Tangu zamani sana Kanisa limesoma maneno hayo kuwa ni ubatizo. Yustino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi waongofu walivyopelekwa palipo na maji wakazaliwa upya, na hapo hapo anayataja maneno ya Bwana juu ya kuzaliwa tena. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na sisi Waanglikana tumesimama hapo. Kwa wabatizaji wa watu wazima, akiwamo mwanao, Bibi, maji ni alama ya jambo ambalo Roho amekwisha kulitenda moyoni, na wao wana aya zao pia: katika Matendo 10, Roho alimshukia Kornelio na watu wa nyumbani mwake kabla hawajaguswa na tone la maji. Lakini katika Matendo 8, Wasamaria walibatizwa kwanza na Roho akaja baadaye. Anayetaka kumfungia Roho ratiba, kitabu cha Matendo hakimsaidii.

Kijana wangu, umeuliza kama ubatizo wa mtoto si mapenzi ya mtu. Nakujibu kwamba ungekuwa mapenzi ya mtu kama Kanisa lingedai kuwa bibi ndiye anayezaa. Bibi anabeba tu. Kinachonigusa katika ubatizo wa mtoto mchanga ni hichohicho unachokiona kuwa kasoro: hana kitu mkononi, hana ushuhuda, hana toba ya kuonesha, hata shingo hawezi kuishika, na Mungu anampa. Hata hivyo nakubaliana nawe katika jambo ambalo makanisa yetu ya zamani yamelilegeza. Simoni mchawi wa Samaria alibatizwa, na Petro akamwambia kwamba moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, anaandika kwamba ubatizo maana yake ni mtu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba, na mtu mpya afufuke kila siku. Kila siku, wala si mara moja kwenye birika na kwaheri. John Wesley alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyebatizwa utotoni, na tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo jijini London, ndipo alipohisi moyo wake umepashwa moto na akaamini kwamba Kristo ameziondoa dhambi zake. Hakukana ubatizo wake. Alihubiri, kwa ukali unaotufaa hata leo, kwamba mtu asiuegemee ubatizo wake kama fimbo huku anaishi kinyume chake.

Hata neno "mlokole" lenyewe lina historia ambayo mwanao angependa kuijua. Limetokana na Kiganda, balokole, yaani waliookolewa, na uamsho uliolisambaza Afrika Mashariki ulianza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ndani ya kanisa la Kianglikana. Wengi wa watu wale walikuwa wamebatizwa. Walitubu hadharani, wakarudisha mali za watu kama alivyofanya kijana wetu, wakabaki katika makanisa yao.

Kuhusu siku: Paulo alikuwa nayo, ndiyo. Lakini Paulo huyohuyo anamwandikia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na kwamba tangu utoto ameyajua Maandiko matakatifu. Timotheo hatajiwi siku. Naye Paulo anamwita mwanawe hasa katika imani.

Kuhusu kubatizwa upya, Bibi, usiende. Katika Imani ya Nikea tunakiri ubatizo mmoja, na kanisa letu halirudii ubatizo uliotolewa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kanisa la mwanao litasema kwamba hilo la baharini ndilo la kwanza, na kwa imani yao hawadanganyi. Lakini wewe, ukikubali, utakuwa unasema kwamba Mungu hakuwepo siku ile ya madoa mawili ya nta. Ukitaka kusimama wazi kama mtu mzima, simama usiku wa mkesha wa Pasaka tunapozirudia ahadi za ubatizo, useme kila neno ukilimaanisha.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikiwa Mkunazini siwezi kuliacha hili. Soko la watumwa la pale lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa juu ya kiwanja hicho. Miaka 9 kabla ya hapo, Sultani Majid alikuwa amemkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa Swedi. Alibatizwa akaitwa John Swedi, na mwaka 1879 akawekwa kuwa shemasi. Tazameni hatua zenyewe: kunyang'anywa kutoka jahazini kulimfanya asiwe mali ya mtu, lakini mtu anaweza kuwa huru na bado asiwe na baba wala nyumba. Hata amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake. Uhuru uliombwa na ukaandikwa. Kuzaliwa hakuombwi. Injili inasema mtumwa hakai nyumbani sikuzote, mwana hukaa sikuzote, na kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya kuzaliwa kutoka juu: kupewa nyumba na Baba, jambo lililo zaidi ya kufutiwa deni.

Jirani wa Malindi:

Assalamu alaykum. Mimi ni Muislamu na nimesoma mjadala huu wote kwa utulivu. Mwalimu, naomba uniruhusu niulize, kwa kuwa tumekaa baraza moja na Wakristo miaka mingi na jambo hili sijawahi kulielewa.

Kwetu sisi kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani katika maumbile safi ya kumwelekea Mola wake, wala habebi dhambi ya mtu mwingine. Akikosea ukubwani, mlango wa toba uko wazi. Na iko hadithi mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba aliyehiji bila ya maneno machafu wala uovu hurudi kama siku aliyozaliwa na mama yake. Je, kuzaliwa mara ya pili mnakokusudia ni kitu cha namna hiyo, yaani kurudishiwa usafi? Kama ndivyo, tunaelewana. Kama sivyo, tofauti iko wapi?

Mwalimu Mstaafu (Mkunazini):

Wa alaykum salaam, Sheikh. Swali lako ni zuri kuliko majibu yangu. Tunakutana katika kusafishwa, na maneno ya hadithi hiyo, "kama siku aliyozaliwa na mama yake", Mkristo yeyote atayaelewa mara moja. Tunaachana katika mambo mawili. La kwanza, sisi tunaamini kwamba mwanadamu anazaliwa na mwelekeo uliopinda tangu Adamu, kama mti uliokua ukielemewa na upepo. Kuusafisha majani hakuunyooshi. La pili ndilo kubwa zaidi: hatusemi kwamba mtu anarudishwa siku yake ya kwanza. Tunasema anapewa uhai ambao siku ile ya kwanza hakuwa nao, uhai wa Kristo aliyekufa na kufufuka, na kwamba kwa huo anathubutu kumwita Mungu Baba. Najua kwamba hapo kwenye neno Baba ndipo hasa unaposita, nami sikulazimishi. Nimekueleza tu penye mpaka.

Nawe umenikumbusha neno moja. Kwa Kiyunani upepo na roho ni neno moja, kwa hiyo Bwana anapomwambia Nikodemo kwamba upepo huvuma upendako, anataja vyote viwili kwa pumzi moja. Sisi watu wa visiwa tutasema kwamba kaskazi tunaijua inakotoka na kusi tunaijua inakotoka. Ni kweli, lakini hakuna nahodha hata mmoja aliyewahi kuivumisha.

Kijana wa Tomondo:

Shikamoo, Mwalimu. Nimekubali kwamba nahodha havumishi upepo. Lakini tanga hulitweka nani? Jahazi linaweza kukaa bandarini na kaskazi yote ikapita juu yake. Mimi nilikaa hivyo miaka 27. Kwa hiyo nalishika neno langu kwamba mtu aitwe, atubu na aitike kwa kinywa chake, hata kama alibatizwa utotoni. Ila lile la "umezaliwa na nani" limenigusa, na nakiri kwamba katika ushuhuda wangu huwa nataja tarehe mara nyingi kuliko ninavyomtaja Bwana. Nitalirekebisha.

Mkunga wa Pemba:

Nawasalimu nyote kutoka Wete. Mimi si mwalimu wa dini. Nimezalisha kwa miaka 31, na kwa kuwa nyote mnazungumzia kuzaliwa, nimeona na mimi nina la kusema.

Mama mwulizaji, mwanao amekuuliza ulizaliwa lini. Katika kazi yangu nimewapokea wanawake wazee wakiwasindikiza wajukuu zao, na nikiwauliza mwaka waliozaliwa kwa ajili ya fomu, wananiambia, "Andika mwaka wa karafuu nyingi," au "Nilizaliwa mvua za masika, kabla ya Mapinduzi." Hawana tarehe. Wamekaa mbele yangu, wanapumua, wananiagiza chai. Hakuna mtoto anayeikumbuka siku yake. Huambiwa na waliokuwepo. Anayeikumbuka ni mama, kwa sababu uchungu ulikuwa wake. Na mtume Paulo anawaambia Wagalatia kwamba anawaonea utungu tena mpaka Kristo aumbike ndani yao, yaani uchungu anausikia yeye.

Mtoto akitoka, sisi hatutazami saa kwanza. Tunatazama kifua. Wengine hulia papo hapo mpaka wodi nzima ikajua. Wengine hutoka kimya, wamelegea, rangi imebadilika, na unamfuta kwa kitambaa kikavu, unamsugua mgongo, unamsafisha mdomo na pua, na dakika hiyo moja ni ndefu kuliko usiku mzima. Halafu kifua kinanyanyuka kidogo, kisha tena, na sauti ndogo kama ya paka inatoka. Baada ya mwaka mmoja ukiwaweka pamoja yule aliyelia na yule aliyechelewa, hutawatambua. Nafikiri kijana wa Tomondo ni wa wale waliolia, na wewe, mama, ni wa wale wa kimya.

Lakini, mama, nisikufariji kupita kiasi. Mtoto hupewa kadi ya kliniki, na kadi hiyo haimnyonyeshi. Kila mwezi tunampima uzito na kuweka alama, na mstari ukilala miezi miwili mfululizo tunaanza kuuliza maswali hata kama cheti cha kuzaliwa kina mihuri yote. Petro anasema watoto wachanga waliozaliwa sasa watamani maziwa ili waukulie wokovu. Asiyekuwa na njaa ndiye anayetutia hofu.

Na mimi nimetoka katika watu ambao hamjawataja. Babu yangu alilelewa kwenye misheni ya Marafiki, yaani Wakristo waitwao Quakers, walioanza kazi hapa Pemba mwaka 1897, na Marafiki hawabatizi kwa maji kabisa, wala mtoto wala mzee. Husali kwa kunyamaza. Wazazi wa babu walikuwa watumwa katika shamba la mikarafuu. Mama alinisimulia kwamba yule aliyekuwa bwana wao alipozeeka akapofuka, watoto wake wamehama, babu alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma, anamtekea maji, anamkorogea uji, anakaa naye mpaka aumalize. Watu walimwuliza kama amesahau. Akawajibu kwamba hajasahau hata fimbo moja. Yohana anaandika kwamba tunajua tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa maana twawapenda ndugu. Babu hakuwahi kulowana kwa ubatizo wowote, na sikumsikia akitaja siku. Sijui Mwalimu atamweka wapi katika mafundisho yake, na sisemi kwamba maji hayana kazi. Wajukuu zangu mwenyewe wamebatizwa kanisani, nami nilishika mshumaa. Nataja tu nilichokiona.

Mwalimu Mstaafu (Mkunazini):

Bi Mkunga, sitamweka mahali popote. Mungu ametufunga sisi kwenye maji. Yeye mwenyewe hakujifunga.

Mjukuu wa Mbweni:

Nawashukuru nyote, pamoja na Sheikh wa Malindi, ambaye swali lake limenisaidia kuliko alivyodhani. Nimekuwa nikifikiri ubatizo wangu ni usafi niliopewa na nikauchafua, na kwamba labda ndiyo maana nahitaji mwingine. Kwamba ni uzazi, na kwamba mtoto akichafuka huoshwa tu bila ya kuzaliwa tena na mama yake, sikuwahi kulipanga hivyo kichwani.

Jana usiku nilimpigia mwanangu simu, nikamsomea ya Bi Mkunga yote na ya Mwalimu nusu, maana salio lilikuwa linaisha. Nilimwambia pia kwamba kuhusu kadi ya kliniki ana haki ya kuniuliza, na kwamba ipo miaka ambayo mstari wangu ulilala; nilikwenda kanisani kwa mazoea, na yupo dada yangu niliyekataa kusema naye miaka minne kwa ajili ya kiwanja. Sikuwahi kumwambia hayo. Alinyamaza sana. Baadaye akasema kwamba na yeye alikosea kuniuliza siku kama anayemhoji mtuhumiwa, na kwamba aliniuliza kwa hofu, kwa sababu hataki afike mbele za Mungu asinione.

Kuhusu mtoto hajakubali. Amesema ataomba, na atazungumza na mkewe, na huenda wakataka mtoto awekwe wakfu kwanza kwa utaratibu wa kanisa lao, halafu ndipo tuzungumze tena. Nimemwambia nitasubiri. Kabla hatujakata simu akauliza kama ile nguo yangu ingemtosha, kwa kuwa mtoto sasa anaingia miezi mitatu na ni mnene. Leo asubuhi nimeitoa sandukuni nikaikung'uta karafuu na kuipima kwa kanga. Urefu unatosha. Mikono itabana kidogo, lakini pindo lina kitambaa cha kufumua.